Ng'ombe Mmoja, Kazi Tatu: Namna ya Kuchagua Mbegu kwa Mfugaji Mdogo wa Kipalapala

Mwaka wa tatu ukifika muhula wa mwisho, mazungumzo ya bwenini hubadilika. Waliokuwa wanabishana kuhusu mpira wanaanza kubishana kuhusu maisha. Sisi tunaosoma ualimu tunajua kwamba ajira haikusubiri mlangoni siku ya mahafali. Wapo wanaokaa mwaka, wapo wanaokaa zaidi. Ndipo utasikia mtu anasema, "Mimi narudi nyumbani, nafuga." Ukimuuliza anafuga nini, anatoa simu na kukuonyesha picha ya ng'ombe mweusi na mweupe, kiwele kimejaa mpaka kinakaribia kugusa majani. Ukimuuliza huyo ng'ombe atakula nini mwezi wa kumi, mazungumzo yanaishia hapo.

Makala hii ni somo, na nimeliandaa kama tunavyofundishwa kuandaa andalio la somo. Mwisho wake, msomaji aweze: (a) kueleza maana ya ng'ombe wa madhumuni mawili, (b) kulinganisha mbegu zinazopatikana kwetu, (c) kupiga hesabu ya chakula kabla ya kununua, na (d) kufanya uamuzi anaoweza kuutetea mbele ya familia yake. Hilo la nne ndilo gumu kuliko yote.

Nasema hivyo kwa sababu. Kwetu ni Kipalapala, pembeni kidogo ya mji wa Tabora. Wengi wanapajua kwa ajili ya seminari, lakini pia ni mahali pa wakulima wa mahindi, karanga, viazi vitamu na mpunga kidogo wa kwenye mbuga. Nyumbani tuna ekari nne. Mama ameweka akiba ya vikoba kwa miaka mitano na anataka kununua ng'ombe. Mdogo wangu anaingia kidato cha tano, na sare, godoro na nauli yake vinatarajiwa kutoka kwa hao ng'ombe. Baba mdogo anataka Friesian. Bibi anataka ng'ombe wa nundu kama wale aliowakuta alipoolewa. Mimi nikaambiwa, "Wewe ndiye msomi, tuambie." Akiba ya miaka mitano haina mtihani wa marudio. Kwa hiyo nimeisoma mada hii kwa makini kuliko nilivyosoma baadhi ya kozi zangu, na niliyoyapata nayaweka hapa.

Madhumuni mawili ni yapi?

Kuna ng'ombe wa maziwa, kuna ng'ombe wa nyama, na kuna ng'ombe wa madhumuni mawili, yaani anayetoa maziwa ya kutosha kuuza kidogo na kulisha nyumba, huku ndama wake dume akikua vizuri hata kufaa kwa mnada. Ng'ombe wa maziwa tupu, dume lake lina nyama haba. Ng'ombe wa nyama tupu, maziwa yake yote humezwa na ndama. Mwenye shamba kubwa anaweza kuchagua upande mmoja. Mwenye ekari nne hawezi kukaa na mnyama anayefanya kazi moja tu.

Kwetu Tabora naongeza kazi ya tatu: kulima. Maksai wawili na plau ndiyo tofauti kati ya kulima ekari tatu kwa wakati na kulima ekari moja kwa kuchelewa. Halafu kuna samadi, ambayo kwa udongo wetu wa kichanga ni mali. Kwa hiyo ninaposema "ng'ombe anayefaa," simwangalii wa lita nyingi peke yake. Nauliza: mwaka mzima ukipita, maziwa, ndama, kazi na samadi vikijumlishwa, na chakula na dawa vikitolewa, nini kimebaki?

Anza na mahali, ndipo uje kwa ng'ombe

Kosa la watu wengi ni kuchagua mnyama kwanza kisha kulazimisha mahali pamkubali. Tufanye kinyume. Kipalapala ikoje?

Kwanza, mvua yetu ni ya msimu mmoja, takribani Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi cha karibu miezi sita. Majani ya miombo hukua marefu wakati wa mvua, lakini yakishakomaa huwa magumu na lishe yake hushuka. Ng'ombe anaweza kushiba tumbo na bado akakonda.

Pili, kupe. Ndigana kali huenezwa na kupe, na ndiyo inayoua ndama na wageni. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: ng'ombe aliyezaliwa mahali penye kupe hupata ugonjwa akiwa mdogo, na akipona anabaki na kinga. Aliyeletwa kutoka mahali pasipo na kupe hana kinga hiyo, hata kama ni zebu mwenye nundu. Jirani yetu mmoja alinunua mtamba mwenye mimba kutoka mbali. Alikuwa mzuri wa kutazama, lakini hakumaliza mwezi wa pili.

Tatu, mbung'o. Penye pori la miombo, nagana, ambayo wengine huiita ndorobo, haiko mbali. Hapa niseme wazi: ng'ombe wetu wa asili hawana kinga kamili dhidi ya nagana. Ng'ombe wanaosifika kwa kuivumilia ni N'Dama wa Afrika Magharibi, ambao si zebu. Kwa hiyo usimwingize ng'ombe wa asili porini ovyo ukidhani uasili ni chanjo.

Nne, soko. Tabora mjini wanakunywa maziwa, nasi tuko karibu. Hiyo ni nafuu kubwa ambayo mfugaji wa ndani kabisa hana.

Njia ya misafara na ng'ombe waliobaki

Kabla ya kupanga wagombea, turudi nyuma kidogo, kwa sababu ng'ombe tulionao wana historia. Tabora ilikua kwa ajili ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Wasafiri wa karne ya 19 walikuta Unyanyembe ng'ombe na wachungaji wa Kitusi wakiwatunza. Maziwa na nyama vilikuwa sehemu ya biashara ya mji.

Halafu ikaja sotoka. Katika miaka ya 1890 ugonjwa huo uliteketeza ng'ombe Afrika Mashariki nzima, na njaa ikafuata. Dunia ilitangaza kuutokomeza mwaka 2011 tu. Ninachotaka ukumbuke ni kwamba ng'ombe wa asili tunaowadharau leo ni wajukuu wa wale waliopona. Wamechujwa na sotoka, kupe, kiu na njaa kwa vizazi vingi. Mchujo huo hauuzwi dukani.

Wagombea

Kijijini tunasema "mbegu" ya ng'ombe, maafisa mifugo wanasema "kosaafu." Nitatumia mbegu. Hawa ndio wanaotajwa kwetu.

1. Zebu wa Tanzania mwenye pembe fupi. Huyu ndiye ng'ombe wa kijijini, na ndiye aliye wengi kuliko wote nchini. Ana koo nyingi kwa majina ya mahali: wa Kimasai, wa Kigogo, Mkalama, Singida Mweupe, Iringa Mwekundu na wengine. Kwetu wengi ni wale waliokuja na wafugaji wa Kisukuma walioshuka kusini kutafuta malisho. Jike mzima ana takribani kilo 200 hadi 250. Maziwa anayobakiza baada ya ndama kunyonya ni lita moja au mbili kwa siku. Huzaa kwa mara ya kwanza karibu na miaka minne, na kati ya ndama na ndama inaweza kupita mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Takwimu hizo zinakatisha tamaa. Lakini anaishi. Mwili mdogo unahitaji chakula kidogo, ngozi yake inastahimili jua, na anaweza kula mabua makavu akasimama mpaka mvua zinarudi. Maksai wake ni wadogo lakini ni wagumu.

2. Ankole. Ng'ombe wa pembe ndefu wa Kagera, Uganda, Rwanda, na pia upande wa Kigoma. Ni mrembo kuliko wote, na maziwa yake yana mafuta mengi. Lakini kwao ni nyanda zenye majani mazuri, na kwa ekari nne za Kipalapala hizo pembe zenyewe zinahitaji zizi lao.

3. Boran. Asili yake ni Ethiopia na kaskazini ya Kenya, na ranchi nyingi zinampenda. Ni ng'ombe wa nyama hasa. Dume wake akipanda zebu, ndama hukua haraka. Kwa mtu anayelenga mnada, anafaa. Kwa mama anayetaka maziwa ya kuuza kila asubuhi, hatoshi.

4. Sahiwal. Ametoka Punjab, katika eneo ambalo sasa ni Pakistan. Naye ni zebu mwenye nundu, anastahimili joto, na ana maziwa mengi kuliko zebu wetu. Kenya walianza kumwingiza miaka ya 1930 mwishoni, kundi lake la taifa likawekwa Naivasha, na wafugaji wa Kimasai wamemtumia kuboresha ng'ombe wao bila kuacha kuchunga. Hilo ni funzo: mbegu inayokubaliwa na mchungaji, siyo na zizi la saruji tu, ina maana kwetu.

5. Mpwapwa. Huyu ndiye ambaye wanachuo wengi hawajawahi kumsikia, na ndiye aliyetengenezwa na nchi hii kwa swali hili hili. Mpwapwa, mji ule ule wa njia ya misafara, ulipata maabara ya mifugo tangu enzi ya Wajerumani, mwaka 1905. Baadaye, wakati wa Waingereza, watafiti wa pale walianza kuchanganya zebu wetu na Boran, Sahiwal na Sindhi Mwekundu, pamoja na damu kidogo ya ng'ombe wa Ulaya kama Ayrshire. Lengo lilikuwa ng'ombe wa maziwa na nyama kwa mkulima wa nchi kavu. Mwaka 1958 mchanganyiko huo ulitambuliwa kuwa mbegu kamili. Zaidi ya nusu ya damu yake ni ya Sindhi na Sahiwal. Ni mkubwa kuliko zebu wa kijijini, mdogo kuliko Friesian, na rangi yake mara nyingi ni nyekundu au kahawia. Leo anatunzwa na Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI, kituo cha Mpwapwa. Tatizo lake kubwa ni uchache. Walio safi ni wachache mno, na mbegu ikiwa chache ndugu huanza kupandana.

6. Friesian, Ayrshire na Jersey. Hawa ni ng'ombe wa maziwa wa Ulaya. Mahali penye baridi, majani ya kutosha, maji ya bomba na daktari wa karibu, wanalipa. Kilimanjaro, Arusha, Njombe na Mbeya wanajua. Kwa Kipalapala, safi kabisa hawafai kwa mfugaji anayeanza. Chotara wa nusu kwa nusu, yaani mama zebu na baba Friesian au Ayrshire, ni habari nyingine. Akitunzwa vizuri lita sita hadi kumi kwa siku siyo ndoto. Swali ni utamtunza na nini.

Hesabu ya chakula

Tuchukue kalamu. Ng'ombe anahitaji chakula kikavu (uzito wa chakula ukishaondoa maji yake) kiasi cha asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wa mwili wake kila siku. Hiyo ni kanuni ya kukadiria, lakini inatosha kutuamsha.

Zebu wa kilo 250: asilimia 2.8 ni kilo 7 kwa siku. Kiangazi cha siku 180: kilo 1,260.

Friesian wa kilo 450: asilimia 2.8 ni kilo 12.6 kwa siku. Kwa siku 180: kilo 2,268.

Chukua robota la majani linalofungwa kwa boksi la mbao, tuseme kilo 15. Zebu anahitaji marobota 84. Friesian anahitaji zaidi ya 150. Na hapo nimehesabu wingi tu. Ukimlisha Friesian mabua matupu hatakupa lita za kwenye simu. Atahitaji mashudu ya alizeti au ya pamba, pumba na madini, kila siku, kwa fedha taslimu. Maji nayo: zebu mdogo anaridhika na ndoo moja na nusu ya lita 20, wakati ng'ombe mkubwa anayekamuliwa anaweza kumaliza ndoo nne na bado akatazama mlango. Jiulize nani atateka hayo maji Septemba, kisima kikiwa kimeshuka. Kwa familia nyingi jibu ni mama au mtoto wa kike.

Kwenye ekari nne zetu, ukitoa mahindi na karanga, chakula cha mifugo kinachopatikana ni mabua, majani ya karanga (haya ni dhahabu, usiyachome), majani ya viazi, na mabua ya mpunga. Tukipanda majani tembo kwenye tuta na lusina kwenye mpaka, tunaongeza. Kwa hesabu yangu, kiangazi kizima tunaweza kubeba ng'ombe wadogo wawili na ndama wao, au mmoja mkubwa kwa mashaka. Hiyo ndiyo sentensi iliyomfanya baba mdogo anyamaze kidogo.

Kuna hesabu ya wakati pia. Plau inahitajika Novemba, mvua za kwanza. Huo ndio wakati ambao ng'ombe wametoka kwenye njaa ya miezi sita. Maksai anayefaa kwetu ni yule anayeweza kuvuta plau akiwa amekonda. Ukubwa wa mwili mwezi wa tano haukusaidii kama mwezi wa kumi na moja hawezi kusimama.

Somo la urithi: kwa nini chotara wa kwanza anadanganya

Hapa naomba tuwe makini, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotelea.

Ukipanda zebu kwa dume la Friesian, ndama wa kwanza huwa bora ajabu. Anachukua maziwa kwa baba, ugumu kwa mama, na juu yake kuna nguvu ya uchotara: katika kila jozi ya jeni ana nakala moja kutoka kila upande. Watu wanaona, wanafurahi, halafu wanafanya moja ya mambo mawili. La kwanza ni kupandisha chotara kwa chotara. Kizazi kinachofuata, nusu tu ya jozi zile hubaki mchanganyiko, na ndama wanatofautiana sana. Mmoja kama mama, mwingine kama bibi, mwingine hujui kama nani. La pili ni kumrudisha chotara kwa Friesian tena na tena. Sasa damu ni robo tatu, kisha saba ya nane. Kila hatua mahitaji yanapanda na ugumu unashuka, mpaka siku moja una Friesian karibu kamili kwenye zizi la fito, Kipalapala, mwezi wa kumi.

Mbegu iliyotulia ni tofauti. Mpwapwa ilikuwa uchotara zamani, lakini iliunganishwa na kuchaguliwa kwa miongo kadhaa mpaka ikawa inazaa iliyo kama yenyewe. Ukipanda zebu kwa dume la Mpwapwa, na mtoto wake jike tena kwa Mpwapwa mwingine asiye ndugu, unapanda ngazi ambayo juu yake kuna ng'ombe wa nchi kavu. Sahiwal vivyo hivyo. Ngazi ya Friesian juu yake kuna ng'ombe wa Uholanzi. Kabla hujapanda ngazi, angalia imeegemezwa wapi.

Na ngazi yoyote unayopanda, acha jike mmoja chini. Nina maana hii: tukiwapandisha zebu wote kwa madume ya kigeni, baada ya miaka ishirini hatutakuwa na zebu wa kumpandisha. Uchotara mzuri unahitaji mama halisi. Anayefuta mbegu ya asili anauza msingi wa nyumba ili anunue bati.

Jinsi ya kuchagua mnyama mwenyewe

Mbegu ni nusu ya kazi. Ndani ya zebu wa kijiji kimoja utakuta jike anayetoa lita moja na mwingine lita tatu. Ukienda kununua, fanya haya.

Nunua karibu. Mnyama wa kata za jirani tayari anajuana na kupe wa kwetu.

Nunua jike aliyezaa mara moja au mbili, akiwa na ndama wake, badala ya mtamba ambaye hujui siri yake. Umri utausoma mdomoni: meno mapana mbele yakitimia manane, amekomaa.

Omba kumkamua mwenyewe, asubuhi, mbele ya mwenye mali. Zebu wengi hawashushi maziwa bila ndama kunyonya kidogo kwanza, na ndama akifa, mara nyingi maziwa hukatika. Kwa hiyo afya ya ndama ni sehemu ya bei.

Angalia kiwele: chuchu nne zinazofanya kazi, zisizo na vidonda wala uvimbe. Angalia mgongo ulionyooka, kwato zisizopinda, macho maangavu, manyoya laini. Tazama anavyotembea. Kwa ng'ombe wa kuchunga, miguu ndiyo gari.

Uliza historia: amezaa lini na lini? Mama yake alikuwaje? Mchungaji atajua. Ukimsalimia mzee vizuri, "Mwangaluka," ukakaa, ukanywa maji, atakuambia mambo ambayo mnadani hakuna anayeyasema.

Nunua mwezi wa tisa au wa kumi ukiweza. Mwezi wa tatu kila ng'ombe ni mzuri. Aliye na hali nzuri kiangazi kikiwa kikali, huyo ndiye.

Kuhusu dume: mfugaji wa ng'ombe wawili hana haja ya kulisha dume. Aazime dume la mfugaji unayemjua au tumia uhimilishaji. Mbegu za madume huzalishwa na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kilichopo Usa River mkoani Arusha, na mhimilishaji utampata kupitia ofisi ya mifugo ya wilaya. Ila fahamu kwamba joto la zebu ni la muda mfupi na mara nyingi hutokea usiku. Hurudi kila baada ya siku 21 hivi. Usipomwona, umepoteza wiki tatu. Ukimwona asubuhi, mhimilishaji aje jioni. Na kama mna dume kijijini, libadilishwe kabla mabinti zake hawajaanza kupandwa, yaani baada ya miaka miwili au mitatu hivi.

Tumeamua nini

Baada ya hesabu hizo, ushauri wangu kwa mama ulikuwa huu, nao ndio ninaoutoa kwa yeyote mwenye shamba kama letu.

Anza na majike wawili wa zebu, wa karibu, waliokwisha kuzaa, waliochaguliwa kwa kukamuliwa. Mmoja apandwe kwa Mpwapwa au Sahiwal, kadiri mbegu itakavyopatikana. Mwingine apandwe kwa dume bora la zebu la kijijini, ili msingi ubaki. Ndama dume waachwe wakue wawe maksai au wauzwe mnadani. Fedha itakayobaki isinunue ng'ombe wa tatu. Ijenge banda la kuhifadhia majani, inunue dawa ya kuogesha na kulipa chanjo. Chotara wa kwanza akizaa, na banda likiwa limejaa marobota miaka miwili mfululizo, hapo ndipo tutazungumza na baba mdogo habari ya nusu damu ya Ayrshire au Friesian.

Najua gharama ya ushauri huu. Kwa mwaka wa kwanza, zebu wawili wakikamuliwa lita mbili mbili ni lita nne kwa siku, na nyumba itakunywa moja. Tatu za kuuza hazitamaliza mahitaji yote ya kidato cha tano. Mama amekubali kwamba karanga zitabeba sehemu iliyobaki. Baba mdogo bado hajakubali, na ana hoja: soko la maziwa lipo leo, wakati ngazi yangu inahitaji miaka mitano au sita kufika mahali. Sikumwambia amekosea. Nilimwambia kwamba ng'ombe mkubwa akifa, akiba yote imekufa naye, na sisi hatuna akiba ya pili.

Maswali ya kujipima

1. Kwenu mvua ni za misimu mingapi, na kiangazi kina siku ngapi? Piga hesabu ya marobota kwa ng'ombe mmoja wa kilo 250.

2. Taja mabaki matano ya mazao yanayochomwa moto kijijini kwenu ambayo ng'ombe angekula.

3. Nani nyumbani kwenu atateka maji, atachunga na atakamua? Andika majina. Kama jina ni moja, fikiri upya idadi ya ng'ombe.

4. Chotara wa zebu na Friesian akirudishwa kwa Friesian mara mbili, damu ya zebu inabaki sehemu gani? Ng'ombe huyo anafaa kwenu?

5. Likizo hii, mtafute mfugaji mzee mmoja, mwulize ng'ombe wake bora kuliko wote alikuwa yupi na kwa nini. Hesabu ni mara ngapi atataja lita, na mara ngapi atataja ndama, plau na mwaka wa njaa. Kisha leta majibu tulinganishe.